Kuichangia FlightGear ukiwa Kigoma au Tabora: ramani, modeli, ardhi au msimbo?

FlightGear ni simuleta ya kurusha ndege inayojengwa na watu wa kujitolea. Wazo lake lilitolewa mwaka 1996, toleo la kwanza likatoka 1997, na kwa miaka mingi mratibu wake alikuwa Curtis Olson wa Minnesota, Marekani. Haiuzwi. Msimbo wake uko chini ya leseni ya GPL toleo la pili, kwa hiyo yeyote anaweza kuupakua, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti yaleyale. Hakuna kampuni inayokaa na kuamua kwamba mwaka huu tutengeneze mandhari ya Tanzania. Kinachotengenezwa ni kile ambacho mtu fulani ameamua kukifanya jioni, baada ya shughuli zake.

Matokeo ya utaratibu huo unayaona ukiiambia simuleta ikuweke HTKA, yaani uwanja wa ndege wa Kigoma, au HTTB, ule wa Tabora. Njia ya kurukia ipo, vilima vipo, na Ziwa Tanganyika lipo. Lakini ukipaa na mandhari ya kawaida kisha ukageuka kuangalia chini, hutauona mji unaoujua. Mwanga ya Kigoma si Mwanga, Ujiji si Ujiji, na Tabora bila miembe yake inaweza kuwa mji wowote duniani. Wanaojua mambo hayo yalivyo wako huku, na wengi wao hawajui kwamba mlango wa kuyaweka uko wazi.

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi huja tayari na jibu kichwani: nijifunze C++, lugha ya kuandikia programu, kwanza. Mimi nalipinga jibu hilo karibu kila mara, na nitaeleza sababu. Kuna njia kadhaa za kuchangia, na zinatofautiana sana kwa vifaa zinavyodai, kwa bando, na kwa muda unaopita kabla mtu wa mbali hajaiona kazi yako. Ila kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni hiki: je, kazi hii inamhitaji mtu aliyeko Kigoma au Tabora, au inaweza kufanywa vilevile na mtu aliyeko Berlin?

Ramani: kazi ya miguu na simu

Njia nyepesi kuliko zote kuianza ni OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Kwetu Tanzania imeshafanya kazi kubwa. Ramani Huria iliitumia Dar es Salaam kuanzia 2015 kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, na Crowd2Map imechora vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani ili wasichana wanaokimbia ukeketaji wafikiwe. FlightGear inaingia hapo kupitia programu iitwayo osm2city, ambayo inachukua majengo, barabara na reli zilizochorwa kwenye OpenStreetMap na kuzigeuza kuwa majengo na barabara zenye umbo, ambazo rubani anaziona akiwa angani.

Simu inatosha. Ukiwa na StreetComplete, programu ya simu ya kujazia ramani hiyo, unapakua eneo la mtaa wako ukiwa kwenye mtandao, unazima data, unatembea ukijibu maswali inayokuuliza kuhusu kila jengo na barabara, kisha unapakia majibu ukirudi kwenye mtandao. Ukiwa na laptopu, programu ya kuhariri ramani iitwayo JOSM itakupa uwezo zaidi wa kuchora juu ya picha za setelaiti za Bing au Esri. Bando linalotumika ni dogo, ingawa picha za setelaiti zinakula zaidi, hasa ukivuta karibu na kuhama huku na huku.

Hapa ndipo kuwa mwenyeji kunapohesabika. Mtu wa Berlin anaweza kuchora mstatili wa paa kutokana na picha ya setelaiti, lakini hawezi kujua kama nyumba ni ya chini au ya ghorofa mbili. osm2city inasoma idadi ya ghorofa, urefu wa jengo na umbo la paa. Usipoziweka, inakisia. Kwa hiyo kijana anayezunguka Gungu, Kigoma, au Kitete, Tabora, akijaza kwamba nyumba hii ni ya chini na paa lake lina miteremko miwili, na ile ina miteremko minne, anaibadilisha sura ya mji kuliko mtu aliyechora mistatili elfu akiwa mbali. Ni kazi inayoonekana ndogo, na ndiyo isiyofanywa na mtu mwingine.

Kuna angalizo mbili. Ya kwanza ni leseni. Usinakili chochote kutoka Google Maps, iwe jina la mtaa au umbo la jengo. Masharti yake hayaruhusu, na mchango wako utafutwa ukigundulika. Chora unachokiona kwa macho yako, au kutoka picha ambazo OpenStreetMap imeruhusiwa kuzitumia. Ya pili ni kwamba hakuna anayekagua kazi yako kabla haijaonekana. Ukibonyeza kupakia, dunia nzima inaona ndani ya dakika chache, na mtu mwenye programu za ramani kama OsmAnd au Organic Maps kwenye simu yake, akishasasisha ramani zake, anaweza kuifuata barabara uliyoichora. Uchoraji wa kubahatisha unamfikisha mtu mahali pasipo na njia.

Udhaifu mkubwa wa njia hii, ukiipima kwa simuleta peke yake, ni kusubiri. Ramani inabadilika leo, lakini mandhari ya FlightGear haibadiliki leo. Mandhari ya dunia nzima huzalishwa upya mara chache sana. Ile iitwayo World Scenery 2.0 ilitoka mwaka 2013 na ikatumika kwa miaka mingi. Majengo ya osm2city nayo yanasubiri mtu aiendeshe programu hiyo kwa eneo lenu. Mtu asiye na subira anaweza kukata tamaa hapo. Ninachomwambia ni kwamba ramani hiyo inafaa kwa mambo mengi hata kabla simuleta haijaifikia: dereva wa bodaboda, mhudumu wa afya, na mwanafunzi anayefanya mradi wa jiografia wote wanaitumia.

Modeli: jengo moja, lifanyike vizuri

Njia ya pili ni kutengeneza majengo na vitu maalumu, vile ambavyo osm2city haiwezi kuvikisia. Stesheni ya Kigoma ni mfano ulio wazi. Ilijengwa wakati wa Wajerumani, reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na hakuna programu itakayoitoa kutoka kwenye mstatili wa ramani. Tembe la Livingstone pale Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ni mfano mwingine.

Kifaa ni Blender, ambayo nayo ni programu huria, na faili la mwisho huhifadhiwa katika muundo wa AC3D, yaani lenye mwisho wa .ac. Juu ya umbo unavisha picha ya kuta na paa. Picha hiyo iwe na vipimo vinavyozidishwa mara mbili, kama 256, 512 au 1024, kwa sababu kadi za michoro zinavipenda vipimo hivyo. Kisha jengo linawekwa duniani kwa mstari mmoja tu wa maandishi katika faili la .stg: jina la modeli, longitudo, latitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na mwelekeo. Hata kuandika mstari huo si lazima uumie kichwa, maana ndani ya FlightGear kuna chombo kiitwacho UFO, ambacho unakirusha hadi mahali unapotaka na kupanga vitu chini kwa kubofya.

Ukilinganisha na ramani, modeli inataka laptopu na inataka uvumilivu wa kujifunza Blender, ambao si mdogo. Lakini inakulipa kwa haraka. Ukihifadhi faili na kuwasha simuleta, jengo lako lipo pale, kwenye mashine yako, siku hiyohiyo. Na kazi yote inafanyika bila mtandao, jambo ambalo kwa mtu wa bando la wiki si dogo. Likishakaguliwa na kukubaliwa kwenye hazina ya mandhari, linasambazwa kwa marubani wote kupitia TerraSync, utaratibu unaopakua mandhari kidogokidogo kadiri ndege inavyosogea.

Nishauri jambo moja kwa wanaoanza: msiweke maelezo mengi kwenye umbo. Dirisha lisichongwe, lichorwe kwenye picha inayovishwa. Rubani analiona jengo akiwa mita 300 juu, na laptopu isiyo na kadi maalumu ya michoro itakwama kama kila dirisha lina kingo zake. Modeli nzuri ya stesheni ni ile ambayo mtu wa Kigoma ataitambua akiwa mbali, kwa paa lake na matao yake.

Kuhusu picha, kuwa makini. Viwanja vya ndege, bandari, stesheni na maeneo ya jeshi si mahali pa kupiga picha bila kibali cha wahusika, na ndege nyuki hairushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anza na majengo ambayo mwenyewe amekuruhusu: shule yako, msikiti wako, kanisa lako, hoteli ya mtu unayemfahamu. Na picha ziwe zako, kwa sababu modeli yote itatoka chini ya GPL na huwezi kuitoa picha ya mtu mwingine kwa leseni hiyo.

Kwa watu wa Kigoma kuna kazi moja ninayoitamani sana ifanyike, na ninaitaja hapa nikitumaini itamkuta mtu mwenye hamu. Ni meli ya MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Iliopolewa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina jipya. Urefu wake ni mita 71 na ushee, kipimo kinachotosha kuanzia. FlightGear ina mfumo wa vyombo vinavyojiendesha, ambao unaipa meli njia ya kufuata kwa faili la XML, yaani faili la maandishi lenye mpangilio maalumu. Rubani anayetoka HTKA kuelekea kusini anaweza kuikuta Liemba ikitembea ziwani kuelekea Kasanga na Mpulungu, kama walivyoizoea wazee wetu wa mwambao.

Ardhi yenyewe

Njia hii haizungumzwi sana, na kwa Tabora ndiyo ninayoiweka mbele ya zote.

Simuleta inaijua ardhi kwa mambo mawili. La kwanza ni mwinuko. Huo unatokana na vipimo vya rada ya SRTM, iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000 kwa siku 11. Ndiyo maana vilima vya Kigoma na ukuta wa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa viko mahali pake. Jambo la pili ni aina ya ardhi, yaani wapi ni msitu, wapi ni mashamba, wapi ni mji. Hilo kwa sehemu kubwa ya dunia lilichukuliwa kwenye ramani za VMap0, ambazo skala yake ni 1:1,000,000. Kwa skala hiyo milimita moja ya ramani ni kilometa nzima ya ardhi. Ghuba ya Kigoma inabaki alama ya milimita chache, na mashamba ya tumbaku ya Urambo na misitu ya miombo inayoyazunguka vinaweza kuwa rangi moja.

Aina ya ardhi ikishajulikana, simuleta inatafuta kwenye faili za XML ni picha gani iitandaze juu yake, miti gani iipande, mirefu kiasi gani na iliyosongamana kiasi gani. Faili hizo zinaweza kuelekezwa kwa eneo fulani tu la dunia. Yaani unaweza kuandika kwamba ndani ya mipaka hii ya longitudo na latitudo, msitu usitandazwe picha ya msitu wa nchi za baridi, utandazwe ya miombo. Miti iwe na vilele bapa, isiwe ile iliyochongoka. Ardhi ya kiangazi iwe na wekundu na majani makavu.

Kwa vifaa, kazi hii ni nyepesi kuliko modeli. Unahitaji kihariri cha maandishi, programu ya picha kama GIMP, na mashine inayoweza kuiendesha FlightGear ukiwa umepunguza vivuli na mawingu. Kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, hakuna. Unabadilisha namba, unawasha upya, unaangalia. Bando linatumika siku ya kupakua simuleta, ambayo ni zaidi ya GB moja, na baada ya hapo karibu si kitu.

Kinachohitajika zaidi ni jicho. Mtu aliyewahi kusafiri na treni kutoka Tabora kwenda Kaliua mwezi Septemba anajua rangi ya ardhi ile. Anajua pia kwamba miombo huanza kuchipua hata kabla mvua za kwanza hazijanyesha, na haianzi kwa kijani tu, majani machanga ya baadhi ya miti hutoka mekundu. Hakuna setilaiti inayomweleza hayo mtu wa Ulaya kwa namna atakayoielewa. Mabadiliko ya faili moja la aina hii yanagusa maelfu ya kilometa za mraba kwa mara moja. Modeli ya stesheni inamfurahisha anayetua Kigoma. Ardhi iliyorekebishwa inamfuata rubani kutoka Tabora hadi Mpanda.

Ugumu wake ni kwamba unagusa vya wengine. Ukibadilisha mipaka vibaya, msitu wa Rwanda nao unageuka miombo. Ndiyo maana wakaguzi wanakuwa wakali zaidi kwenye faili hizi kuliko kwenye modeli ya jengo moja, na wana haki. Tuma mabadiliko madogo, eleza mipaka uliyoiweka, ambatisha picha za kabla na baada.

Uwanja wa ndege wenyewe

Hapa nitapita haraka. Taarifa za njia za kurukia, maegesho na taa huchorwa kwa programu ya WorldEditor na kupelekwa kwenye hazina ya viwanja inayosimamiwa na watengenezaji wa X-Plane, simuleta ya kibiashara. FlightGear huchukua humo. Viwanja vya Kigoma na Tabora vimekuwa vikiboreshwa kwa awamu, kwa hiyo kazi ipo. Ila WorldEditor hutaka kuonyeshwa folda ya X-Plane, na umbo la uwanja katika FlightGear limeunganishwa na ardhi yenyewe, hivyo marekebisho ya njia ya kurukia hayaonekani mpaka ardhi izalishwe upya. Unasubiri kama anavyosubiri mchora ramani, na unajifunza kifaa kigumu zaidi. Namshauri hili yule tu anayeipenda kazi ya viwanja kwa moyo wote.

Ndege na lugha ya Nasal

Wengi wanaingia FlightGear kwa sababu ya ndege, na hilo halishangazi. Kuna mifumo miwili mikuu ya kukokotoa namna ndege inavyoruka. JSBSim, iliyoanzishwa na Jon Berndt mwaka 1996, inataka takwimu za majaribio ya ndege halisi. YASim ya Andy Ross inakadiria kutokana na umbo: urefu wa bawa, uzito, nguvu ya injini. Andy Ross huyohuyo ndiye aliyeunda Nasal, lugha ndogo inayotumika kuendesha milango, swichi, skrini na mengine ndani ya ndege.

Nasal naipenda kama mlango wa kuingilia kwenye upangaji programu. Ni maandishi ya kawaida, haikompailiwi, na kosa linaonekana papo hapo. Aliyejifunza JavaScript kidogo ataielewa. Ukilinganisha na C++, ni tofauti ya jioni moja na miezi kadhaa.

Lakini rudi kwenye kipimo changu. Ndege haina uhusiano na Kigoma wala Tabora. Mtu wa popote anaweza kuitengeneza, na wenye michoro ya kiufundi na muda wapo tele. Kuipaka ndege iliyopo rangi za shirika linalokuja kwetu kunavutia, ila nembo za mashirika zina wenyewe, na si kila hazina itazipokea. Kitu pekee ambacho mtu wa huku anaweza kukiongeza kwa urahisi ni majaribio. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba hewa ni nyepesi kwa joto na kwa mwinuko. Ndege ndogo ya Cessna 172P ya FlightGear ikitoka HTTB inapaswa kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na rubani anapaswa kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko ili injini isikose nguvu. Ripoti nzuri ya namna ndege inavyofanya katika hali hiyo ni mchango halisi, na kuiandika hakuhitaji kujua Nasal.

Msimbo wa C++

Sasa niseme kwa nini napinga kuanzia hapa. Kiini cha FlightGear kimeandikwa kwa C++, kikisaidiwa na maktaba iitwayo SimGear na nyingine ya michoro, OpenSceneGraph. Ili ubadilishe mstari mmoja na uone matokeo, lazima kwanza uweze kukompaili vyote. Kwenye Linux za jamii ya Debian kuna skripti inayokusaidia, lakini inapakua hazina kubwa za Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, na laptopu ya RAM kidogo itafanya kazi kwa saa nyingi. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, unaendelea kesho. Ukimaliza, unakutana na msimbo uliokusanyika tangu miaka ya tisini kwa mikono ya watu wengi, na wakaguzi ambao watakurudishia kazi mara kadhaa kabla hawajaipokea.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kasoro. Mradi unaoishi muda mrefu hivyo unahitaji ukali huo. Na anayevumilia anapata elimu ambayo chuo chochote kingejivunia kuitoa: kusoma msimbo wa wengine, kutetea mabadiliko yake kwa hoja, kutumia Git kwa uzito wake. Mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa tatu mwenye mashine nzuri na intaneti ya chuo, huyo namwambia aende. Lakini kijana mwenye laptopu ya mtumba na bando la wiki akianzia hapa, namwona anaishia kwenye kukompaili, na mradi unampoteza mtu ambaye angeweza kuirekebisha miombo yote ya Tabora.

Zingatia pia kwamba hitilafu ya C++ itarekebishwa siku moja na mtu fulani aliyeko mahali fulani. Idadi ya ghorofa za majengo ya Mwanga haitajazwa na mtu huyo.

Tafsiri ya menyu nayo ipo, kupitia faili za XLIFF, na inafaa kwa mwenye Kiswahili kizuri na muda mchache. Faida yake ni kubwa kwa wanafunzi wa sekondari. Anayeifanya ajipange kuimaliza, kwa sababu menyu iliyotafsiriwa nusu inamchanganya mtumiaji kuliko ile isiyoguswa.

Kigoma na Tabora hazichagui sawa

Mtu wa Kigoma anaishi mahali penye sura. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, vilima vinainuka kutoka majini, Gombe iko kaskazini, na ardhi hii SRTM imeshaipata vizuri kiasi. Kinachokosekana ni vitu vya juu yake: stesheni, gati, Liemba, mitumbwi ya dagaa Kibirizi, minara ya Ujiji. Kwa hiyo nikiulizwa na mtu wa Kigoma mwenye laptopu, najibu modeli. Asiye na laptopu, ramani, aanze na mtaa anaoishi.

Tabora ni tambarare na njia panda ya reli, moja ikija kwetu Kigoma, nyingine ikienda Mwanza. Ukiwa angani, kinachokuambia uko Tabora ni rangi ya ardhi, aina ya miti, na reli zinazogawanyika. Hapo modeli moja ya jengo haibadilishi mengi. Mwenye laptopu ashike faili za ardhi, na mwenye simu ahakikishe reli, stesheni ndogo na barabara za kwenda Urambo, Sikonge na Nzega ziko sawa kwenye OpenStreetMap.

Kama mko kadhaa, gawaneni bando pia. TerraSync inahifadhi mandhari kwenye folda zenye majina ya kona ya kusini-magharibi ya kila eneo: Kigoma imo ndani ya e020s10, folda ya e029s05, Tabora imo ndani ya e030s10, folda ya e032s06. Mmoja akishapakua, wengine wanakili kwa flashi. Kila mtu akiwasha simuleta yake baada ya hapo, TerraSync inalinganisha na kupakua tu faili zilizobadilika.

Na kama mmoja wenu ana kompyuta ya mezani yenye nguvu, huyo ndiye aendeshe osm2city kwa niaba ya wote. Inahitaji Python na hifadhidata ya PostgreSQL yenye PostGIS, na kuisimamisha mara ya kwanza ni kazi ya siku nzima au zaidi. Lakini ikishasimama, kusubiri kule nilikokutaja kwenye ramani kunaisha: wenye simu wanajaza ghorofa na mapaa wiki hii, mwenye kompyuta anazalisha majengo ya eneo lenu tu Jumamosi, mnayanakili kwa flashi, mnaruka juu ya mji wenu na kuangalia. Mkiona nyumba imekaa barabarani au jengo la chini limegeuka ghorofa nne, msilirekebishe ndani ya simuleta. Rudini kwenye OpenStreetMap mlirekebishe huko, ili atakayezalisha mandhari ya dunia nzima baada yenu alikute limeshanyooka.